Nikimwambia mama mwanawe ana tatizo, nitampeleka wapi?

Swali: "Assalamu alaykum, Daktari. Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Siku za kliniki ya watoto tunakuwa wawili tu, na akinamama wanajaa mpaka nje ya baraza. Sasa tunatakiwa, pamoja na chanjo na mizani, tumchunguze kila mtoto makuzi yake: ameshika shingo, amekaa, anasikia, anasema. Hapa kituoni tumegawika. Bi mkubwa wetu, mkunga wa siku nyingi, anasema watoto hawa anawajua tangu siku wanayozaliwa, hahitaji karatasi. Mwenzangu mwingine anasema tunabebeshwa kazi ya madaktari. Mimi sikatai, lakini naogopa. Nikimwambia mama mwanawe ana tatizo, kisha sina pa kumpeleka ila kumwambia apande boti aende Unguja, nimemsaidia au nimemtia jakamoyo bure?"

Wa alaykum salaam, mdogo wangu.

Nianzie pale panapokuuma. Kumchunguza mtoto, ukampa mama jina zito la maradhi, kisha ukamwacha atoke mlangoni peke yake, ni kumdhulumu. Wanaolisema hilo wana haki. Lakini hebu muangalie yule mama kabla hajafika kwako. Analala na mtoto kitanda kimoja, anamuogesha, anamlisha, na kila jioni anamuona mtoto wa jirani, aliyezaliwa mwezi mmoja na wake, anatambaa uwanjani, naye wake akimkalisha anaanguka upande. Jakamoyo analo zamani. Ameshamuuliza mamake, ameshamuuliza mkwewe, na pengine amefika mpaka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Kwenu amekuja mara tano, na mara zote tano neno aliloambiwa ni "mpandishe kwenye mizani."

Kwa hivyo jibu langu ni kwamba muulize. Na pa kumpeleka, kwa watoto wengi, panaanzia kwenye chumba chenu hicho hicho, kabla ya boti. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, lakini itabidi nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi nyuma, nikiwa bado mgeni kazini, mama mmoja aliniletea mtoto wa kiume wa miaka miwili. Akaniambia, "Daktari, huyu nikimwita haitiki." Nikamkalisha mtoto mbele yangu, nikapiga makofi. Akaniangalia, akacheka. Nikamwambia mama, "Anasikia huyu. Watoto wa kiume huchelewa kusema, mpe muda." Mama akashukuru, akaenda zake, nami nikaandika kwenye kadi kuwa mtoto hana neno.

Alirudi mtoto ana miaka mitano. Kilichomrudisha ni skuli ya maandalizi: mwalimu kasema mtoto hafuati chochote anachoambiwa. Safari hii nikasimama nyuma yake nikamwita jina. Nikagonga kijiko kwenye kikombe. Nikaangusha funguo sakafuni. Mtoto aliendelea kuchezea ncha ya kanga ya mamake, hata shingo hakuigeuza. Siku ile ya kwanza aliiona mikono yangu. Makofi yenyewe hakuyasikia. Miaka mitatu ya lugha ilikuwa imeshapita, na ni miaka ambayo ubongo wa mtoto hudaka maneno kwa wepesi asioupata tena. Mama alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza, nami ndiye niliyemnyamazisha.

Tangu pale sijamwambia mama yeyote "mpe muda" bila kumuandikia na tarehe ya kurudi.

Nimekaa na wauguzi wengi, wakunga na wahudumu wa afya ya jamii, Unguja na Pemba, tukizungumza jambo hili. Niliyoyasikia kwao ni hayo hayo ya kituoni kwenu. Sijakutana na hata mmoja anayesema kwamba kuchunguza makuzi hakuna maana. Wanachokilalamikia ni muda, ni karatasi, ni aibu ya kumpa mama habari mbaya, na ni mpango unaoletwa na gari, ukafundishwa siku tatu, kisha mwaka unaofuata hakuna anayeuuliza tena. Malalamiko haya nayaheshimu. Aliyeketi mezani siku ya chanjo ndiye anayejua saa ngapi adhana ya adhuhuri inamkuta na watoto wangapi bado kwenye benchi.

Tuchukue hilo la karatasi. Vipimo vingi vya makuzi vimetoka Ulaya na Marekani. Kile mashuhuri cha Denver kilitoka mwaka 1967, na ndani yake mna kupanga vijitofali na kuiga mistari kwa kalamu. Mtoto wa Konde au Tumbe ambaye hajawahi kushika kijitofali cha kuchezea, na ambaye kwao hakuna ngazi ya kupanda, atapata alama ya chini, na hapo utakuwa umepima vitu vya nyumbani kwao badala ya kumpima yeye. Wenzetu waliliona hilo. Malawi, Melissa Gladstone na wenzake walitengeneza kipimo kipya kwa kuwaangalia watoto wa vijijini zaidi ya 1,400, wakakitoa mwaka 2010. Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake wakatengeneza cha kwao. Vyote viwili ni vizuri, lakini vinataka mtu aliyefundishwa na muda wa kukaa na mtoto mmoja. Ni vya hatua ya pili, ya yule mtoto ambaye umeshamtilia shaka. Anayekutaka umfanyie kila mtoto kipimo kirefu siku ya kliniki hajawahi kuendesha kliniki.

Kazi yako wewe ni ya chekeche. Unga ukipita chekecheni, chenga zinabaki juu, na si kila chenga ni ya kutupwa. Nyingine ukiiminya kwa vidole inakuwa unga. Mtoto aliyebaki juu ya chekeche bado hana maradhi yoyote. Ana sababu ya kuangaliwa mara ya pili. Ukilishika hilo, woga wako mwingi utapungua, kwani hutakiwi kumwambia mama "mwanao ana hiki". Jina la maradhi si kazi ya benchi la chanjo.

Sasa lini? Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakatoka mwaka 2006. Kukaa bila kushikwa kulianza kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutembea peke yake, kati ya miezi 8.2 na 17.6. Umeona upana wa pengo hilo? Ndiyo sababu mama mkwe anaposema "baba yake naye alichelewa" mara nyingi anakuwa sawa. Kutambaa kwa magoti hata usikutishe, kwani watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa, wakapita moja kwa moja kwenye kusimama. Lakini angalia ile mipaka ya mwisho: miezi 9 na miezi 18. Ni miezi ya chanjo ya surua. Mama atakuja tu, kadi mkononi, hata usipomwita. Kama nguvu zenu ni za mara mbili tu kwa kila mtoto, ziwekeni hapo.

Na uchunguzi uanze kabla ya swali lolote, mtoto akiwa anavalishwa ile kaptula ya mizani ya kutundika. Unapomuinua, tazama miguu. Mtoto wa kawaida anarusha mateke au anaikunja. Miguu ikikakamaa na kupishana kama mkasi, vidole vikielekea chini, huyo mzungushie alama hapo hapo. Akilegea mikononi mwako kama nguo iliyoloa, vile vile. Tazama mikono: ngumi inayobakia imefungwa baada ya miezi minne, au mtoto ambaye hajatimiza mwaka na anatumia mkono mmoja tu, mwingine ukining'inia. Watu husema "huyu atakuwa wa mkono wa kushoto", kumbe wa kulia hauna nguvu. Kisha tazama macho yake yanamtafuta nani anapolia. Haya yote unayapata ndani ya zile sekunde unazosubiri mshale wa mizani utulie, wala hayaongezi hata dakika kwenye foleni.

Maswali nayo yasiulizwe mezani kwako. Yaulizwe kwenye benchi, mama akiwa anasubiri. Kama shehia yenu ina wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na simu, mmoja wao aje siku ya kliniki akae na akinamama. La miezi 9: anakaa bila kushikwa? Anakipokea kitu mkono huu akakihamishia mkono wa pili? Ana ile "ba-ba-ba, da-da-da"? La miezi 18: anatembea? Ana maneno anayoyasema kwa maana, japo machache? Ukimwambia "niletee kandambili" bila kumuonyesha, anaelewa? Akitaka kitu kilicho mbali, anakionyesha kwa kidole na kukuangalia usoni kama wewe umekiona? Hilo la kidole watu wengi hulipita, nami nakuomba usilipite. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye haonyeshi kitu kwa kidole wala hatafuti macho ya mtu anahitaji kuangaliwa, hata kama anakimbia vizuri na uzito wake uko juu ya mstari. Usonji, ile hali ya makuzi inayompa mtoto shida ya kuwasiliana na watu, haumpunguzi kilo.

Aliyezaliwa kabla ya siku zake, mtolee wiki alizozikosa tumboni kabla ya kumhesabia umri. Na mtoto yeyote aliyekuwa na kitu akakipoteza, aliyekuwa akisema akaacha, aliyekuwa akikaa akaanguka, huyo hangoji tarehe. Anakwenda hospitali.

Juu ya maswali hayo yote kuna moja ninalolithamini zaidi: "Kuna jambo lolote la mtoto huyu linalokutia wasiwasi?" Uliza, kisha nyamaza. Usilijibu wewe. Mama wa kwetu hatakwambia mara ya kwanza, anaona haya, anaogopa kuonekana anamkufuru Mungu kwa alichompa. Subiri. Ilgi Ertem wa Uturuki na wenzake wametengeneza mwongozo mzima wa kufuatilia makuzi kwa kuzungumza na mzazi, maswali ya wazi, bila sanduku la vitu vya kuchezea, na umejaribiwa katika nchi kadhaa. Na hapa hapa Pemba, Kengeja, kulifanywa utafiti wa watoto 614 uliotolewa mwaka 2001, kuhusu madini ya chuma na dawa za minyoo. Maendeleo ya mtoto, yaani kutembea na kusema, yalipimwa kwa kumuuliza mzazi, na majibu ya wazazi yalitosha kuonyesha kwamba waliopewa madini ya chuma walisonga mbele katika lugha, na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu wakasonga na katika kutembea. Kama maneno ya akinamama wa Kengeja yalibeba utafiti wa aina hiyo, yatakubebea na wewe kliniki yako.

Nisimame kidogo hapo kwenye damu, kwa sababu nimeona watu wakiusoma utafiti huo nusu. Mwaka 2006 yalitoka matokeo mengine, pia ya Pemba: watoto wadogo waliopewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, bila kuangalia kwanza nani anahitaji, walilazwa hospitali au kufa zaidi ya wenzao. Enzi ile malaria ilikuwa nyingi kisiwani. Malaria imeshuka mno tangu hapo, lakini funzo limebaki. Mtoto mweupe viganja anapimwa damu, anatibiwa kwa kipimo na anafuatiliwa. Usimwambie mama akanunue chupa ya dawa ya damu dukani kwa sababu mtoto kachelewa kutembea.

Kusikia, nalo nilieleze, nisije nikakuacha na makofi yangu. Mama ampakate mtoto, mwenzako akae mbele amshughulishe na kitu kimya, kipande cha nguo ya rangi kinatosha. Wewe simama nyuma, hatua moja, pembeni, usawa wa sikio, mahali asipoweza kukuona wala kuona kivuli chako. Mwite kwa sauti ya chini. Kisha kijiko kikombeni, pole pole. Upande wa kulia, halafu wa kushoto. Akigeuka, vizuri, ingawa haijamsafisha moja kwa moja. Asipogeuka, rudia siku nyingine asipokuwa na usingizi wala mafua. Asipogeuka tena, anakwenda kupimwa. Na ukiona sikio linatoa usaha, usimwambie mama ni la meno. Mfundishe kulikausha kwa utambi wa kitambaa safi, mpeleke kwa anayeandika dawa, na mwambie arudi. Masikio yanayotoka usaha mwaka mzima yanaiba lugha ya mtoto kimya kimya.

Sasa tumefika kwenye pa kumpeleka, na hapa nitakaa.

Wapo wachache ambao kwao hakuna mjadala. Kichwa kinachokua kwa kasi, utosi umevimba, macho yanaangalia chini: huyo wiki hii, asingoje kliniki ijayo. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kuna kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo tangu mwaka 2014, na mtoto wa namna hiyo akiwahi, anapona na madhara machache kuliko akichelewa. Mtoto mchanga mwenye manjano iliyoshuka mpaka nyayoni, leo hii hii, kwa sababu manjano kali huharibu ubongo kwa siku chache na kuizuia inawezekana. Degedege linalojirudia bila homa, hospitali. Dawa za kifafa zipo na mtoto anayeanguka mara tano kwa siku hajifunzi kitu. Mguu uliozaliwa umepinda hunyooshwa kwa plasta za kila wiki, na kadiri anavyoanza akiwa mdogo ndivyo unavyonyooka kwa wepesi. Wote hawa, mama akikuuliza "nauli nitapata wapi", mtafute sheha, mtafute baba, mtafuteni kwa pamoja. Na baba umuite mapema, kwani safari ya Unguja haiamuliwi na mama peke yake, na mama aliyetumwa na habari asiyoweza kuieleza nyumbani anarudi na ukimya.

Waliobaki, ambao ndio wengi, hawahitaji boti kwanza. Hospitali za wilaya zilizojengwa miaka ya karibuni, na ile ya Abdalla Mzee pale Mkoani, ndizo za kuanzia. Ulizia mapema nani anashughulika na watoto, nani anafanya mazoezi ya viungo, na anakaa siku gani. Andika majina na siku hizo kwenye karatasi moja, ibandike ukutani. Nimeona mama akipoteza nauli mbili kwa sababu alitumwa Jumanne kwa mtu anayekuja Alhamisi. Karatasi hiyo ya ukutani ina thamani kuliko fomu tatu za ripoti.

Na kabla hajafika huko, kuna mambo ya mikono yako. Chukua mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ule ambao wakati mwingine hutokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Dawa ya kuufuta ubongo ule uanze upya haipo popote, wala Muhimbili wala ng'ambo. Lakini watoto hawa wanaumwa na kufa kwa mambo tunayoyaweza: wanalishwa wakiwa wamelala chali, uji unaingia njia ya hewa, wanapata nimonia, hawali wakashiba, wanakonda, wanalazwa jamvini siku nzima wakiangalia dari, hakuna anayewasemesha kwa sababu inadhaniwa hawaelewi. Mfundishe mama kumlisha amekaa, kichwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kidogo, mate yakimezwa ndipo kije kingine. Mfundishe kumkalisha ndani ya beseni lililozungushiwa kanga mbili zilizokunjwa, moja mgongoni na moja baina ya mapaja ili miguu isipishane. Ukipenda, kwenye shimo dogo la mchanga linalofika kiunoni, ambalo kwetu halina gharama. Nilimfundisha hivyo bibi mmoja ambaye mjukuu wake wa miaka miwili hajawahi kuona uwanja ila kwa kulazwa. Alipomtia kwenye beseni na mtoto akainua kichwa akaona kuku wanapita, alicheka kwa sauti. Bibi akakaa chini, akafunika uso kwa mtandio. "Kumbe anacheka," akasema. Hakuna mtaalamu aliyehitajika kwa hilo.

Kuzungumza na mtoto, kumuimbia, kumpa kitu cha kushika, kumjibu anapotoa sauti: Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameyaandikia mafunzo maalumu ya wahudumu wa afya, na mafunzo yenyewe ukiyafungua utakuta ni mambo ambayo bibi zetu walikuwa wakiyafanya barazani. Mtoto aliyechelewa anayahitaji zaidi ya mwenzake, na huwa anayapata kidogo zaidi. Kumrudishia hayo ni tiba, na ni tiba unayoitoa wewe. Ipo pia Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, inayofanya kazi Unguja na Pemba. Wazazi wanaokutana na wazazi wenzao huambiana mambo ambayo mimi na wewe hatuyajui.

Utamwambiaje? Usiseme "mtoto wako mlemavu", wala yale maneno ya mitaani ambayo sitaki hata kuyaandika. Usiseme "hana neno" ikiwa unaona neno lipo. Mtoe pembeni ya foleni, hata kama ni nyuma ya mlango. Anza na anachokiweza mtoto: "Nimeona anakujua, anakutafuta kwa macho." Kisha: "Nimeona pia hajakaa bado, na kwa miezi yake ningependa awe amekaa. Wewe umeonaje nyumbani?" Muache aseme. Halafu mpe jambo moja la kufanya na tarehe moja ya kurudi. Akikwambia wamemnywesha kombe, yale maji ya aya za Kurani, au kwamba huyu kapigwa na dege, yaani shetani, usimkemee wala usicheke. Mwambie dua aendelee nayo na hospitali aje, kwa kuwa dini yetu imetuamrisha kutafuta tiba pia. Mama uliyemkemea anakwenda kwa mganga bila kukuaga, na humuoni tena mpaka mtoto ana miaka sita.

Nimalizie na bi mkubwa wenu, maana kwangu yeye ndiye hazina ya kituo hicho. Anasema anawajua watoto tangu siku wanayozaliwa. Ni kweli, anawajua. Anamjua aliyetoka kimya akachelewa kulia, aliyezaliwa na kilo moja na nusu, pacha wa pili aliyebanwa, aliyepata degedege siku ya tatu. Kasoro ni kwamba anayajua haya kichwani mwake, na siku ya kliniki ya miezi 9 yeye yuko wodi ya wazazi au amekwenda kupumzika. Mpe kalamu nyekundu. Kila mtoto wa namna hiyo, siku ya kuzaliwa kwake, atie duara dogo kwenye pembe ya kadi, bila maandishi, ili jirani akiiona asisome kitu. Nyote mtajua maana yake. Kadi yenye duara ikifika mezani, mtoto huyo haulizwi miezi 9 na 18 tu. Anaangaliwa kila anapokuja. Mwenzako anayesema mnabebeshwa kazi ya madaktari, mgawie hao wenye duara peke yao kwa miezi mitatu ya mwanzo. Watakuwa wachache kwa siku, atawamudu. Wewe chukua maswali ya benchi ya watoto wa chanjo ya surua. Wa miezi mingine waacheni kwanza, mtawafikia mkishazoea.

Na ile tarehe ya kurudi, iandike kwenye kadi ya mama na kwenye daftari lako pia. Ikipita hajaja, mtume mhudumu wa shehia nyumbani kwao akamjulie hali.